Kompyuta Inapopumzika: Ufundi wa Kupanga Picha za Nyumbani Garissa

Wanaoandika juu ya kazi za mikono za Kaskazini Mashariki mwa Kenya huanza, na wana haki, na mikeka na matao ya aqal, ile nyumba ya kuhama ya Wasomali inayobebwa mgongoni mwa ngamia, kisha hufuatisha vyombo vya maziwa vinavyofukizwa moshi, na kwa kawaida huishia hapo. Skrinseva haimo katika orodha hiyo. Neno hilo, ambalo wengine hulisanifisha wakaliita kihifadhi skrini, ni jina la programu inayojiwasha yenyewe kompyuta inapoachwa dakika kadhaa bila kuguswa, ikaifunika skrini kwa picha zinazopita moja baada ya nyingine mpaka mtu aiguse kibodi au kipanya. Hata hivyo, katika sebule za mji wa Garissa za miaka ya 2000 na miaka michache iliyofuata, kompyuta ya mezani iliponunuliwa, mara nyingi ya mtumba, na kuwekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufumwa, kupanga picha za familia ili zipite juu ya kioo hicho kulikuwa kazi yenye kanuni zake, subira yake na watu waliotambulika mtaani kuwa wanaiweza, na kazi hiyo inastahili kusemwa vizuri kabla haijasahaulika kabisa.

Chanzo cha skrinseva kilikuwa hofu ya uharibifu. Skrini za zamani zilikuwa chupa nzito za kioo zilizopakwa kwa ndani fosfori, yaani unga unaong'aa unapopigwa na elektroni, na picha moja ilipokaa mahali pamoja siku baada ya siku unga huo ulichakaa hapo na kuacha kivuli kisichofutika. Ndipo mwaka 1983 Mmarekani John Socha akachapisha katika jarida la Softalk programu fupi ya kuizima skrini ya kompyuta ya IBM isiyoguswa, na mwaka 1989 programu iliyoitwa After Dark ikaigeuza kinga hiyo kuwa pambo kwa kurusha vibaniko vya mkate vyenye mabawa. Windows XP ya mwaka 2001 ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kuweka picha zake mwenyewe bila kutafuta programu nyingine. Wakati huo skrini bapa, ambazo hazichakai kwa namna ile, zilikuwa zimeanza kuenea, kwa hiyo haja ya kukikinga kioo ilikuwa inakwisha wakati ufundi wenyewe ndio kwanza unaanza.

Ulianza kwa kuondoa. Kompyuta yenye Windows XP ilikuja na picha ya kilima cha majani mabichi chini ya anga ya buluu, iliyopigwa mwaka 1996 na Charles O'Rear katika Kaunti ya Sonoma, California, na kwa miaka mingi picha hiyo ndiyo iliyompokea mtu katika kila saiba, yaani duka la kulipia kompyuta na intaneti kwa dakika. Mji ambao majani yake hudumu wiki chache tu baada ya mvua za gu, zile za Aprili na Mei, na za deyr, zile za Oktoba na Novemba, ukawa unatazamwa kutoka kila meza na kilima kisichokauka. Aliyekitoa kilima kile na kuweka mahali pake ukingo wa mto Tana wakati wa machweo, au ng'ombe wakisubiri zamu kisimani, alikuwa amekwisha kuamua jambo kubwa, kwamba mashine iliyoingia nyumbani mwake itafuata nyumba ilivyo.

Uzito wa uamuzi huo hauwezi kueleweka bila kukumbuka kwamba kwa familia nyingi za eneo hili picha ilikuja kwanza kama mali ya serikali. Vita vilivyoitwa vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, viliacha sheria za hali ya hatari zilizodumu mpaka 1991, na katika miaka hiyo yote karatasi yenye picha ndiyo iliyoulizwa kizuizini barabarani kabla mtu hajaruhusiwa kuendelea na safari yake kwenda Nairobi. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walitakiwa kuhakikiwa uraia wao upya, jambo ambalo jamii nyingine za nchi hazikutakiwa kulifanya, na waliopita wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilipofunguliwa karibu na Dadaab mwaka 1991 na 1992, zikaleta kumbukumbu nyingine za nyuso na alama za vidole, na baadhi ya Wakenya waliojiandikisha humo wakati wa njaa ili wapate mgao wa chakula walikuja kunyimwa vitambulisho vya nchi yao miaka mingi baadaye, kwa kuwa majina yao yalikuwa yamekwisha kuingia katika daftari la wakimbizi.

Picha ya ofisini ina sheria zake. Uso hutazama mbele, macho huwa wazi, mdomo hufungwa, nyuma huwa peupe, na mtu husimama peke yake kana kwamba hakuzaliwa na yeyote. Picha za aina ya pili, zile za studio siku ya Idi, za harusi, za mtoto aliyevalishwa viatu vipya, zilikuwa chache na zilihifadhiwa ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya kuzaliwa na risiti za ada za shule, zikitolewa mgeni wa karibu anapofika na kurudishwa kabla vumbi halijaingia. Maji nayo yalizipunguza, kwa kuwa mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliingia majumbani, na Tana ikafurika tena kati ya Novemba 2023 na Mei 2024 mpaka barabara ya kati ya Garissa na Madogo, mji ulio ng'ambo ya mto, ikakatika. Albamu iliyolowa haifunguki tena, kwa sababu kurasa zake hushikana na ukizibandua kwa nguvu uso wa mtu hubaki upande mmoja na mabega yake upande wa pili.

Palikuwa pia na suala la ukuta. Nyumba nyingi za Garissa hazitundiki ukutani sura za viumbe hai, kwa kufuata mafundisho ya dini kama wenye nyumba wanavyoyaelewa, na anayeingia humo hukuta pengine picha ya Al-Kaaba, kalenda na saa. Skrinseva ilikaa mahali pa katikati, kati ya ukuta na sanduku, kwa kuwa sura ilitokea, ikakaa sekunde kadhaa, ikaondoka bila kuacha alama, na mwenye nyumba alipotaka kuswali sebuleni aliizima skrini kwa kidole kimoja. Wapo waliokataa hata hiyo, na kukataa kwao kuliheshimiwa, lakini mafundi waliwapangia hao picha za mito, visima, ngamia kwa mbali na mawingu ya deyr, na baadhi ya mapangilio bora kabisa yaliyowahi kuonekana mjini hayakuwa na uso wa mtu hata mmoja.

Fundi katika insha hii ni mtu yeyote aliyeifanya kazi hiyo kwa makini, naye kwa kawaida alikuwa kijana aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, au mwalimu, au mwenye duka dogo la kupiga chapa na kunakili karatasi, ambaye majirani walimpelekea bahasha za picha na kumwachia. Zana zake zilikuwa skana, yaani mashine ya kunakili picha ya karatasi na kuiingiza ndani ya kompyuta, kitambaa laini, na programu moja au mbili za bure. IrfanView, iliyotungwa mwaka 1996 na Irfan Škiljan, Mbosnia aliyekuwa akisoma Vienna, ilipendwa kwa sababu ilikuwa nyepesi kiasi cha kuendeshwa na mashine dhaifu, na kwa sababu iliweza kuufunga mpangilio mzima wa picha ndani ya faili moja la skrinseva linalobebeka kwa flashi. Waliokuwa na mashine yenye nguvu zaidi walitumia Picasa, programu ambayo Google iliinunua mwaka 2004 na kuigawa bure. Skrinseva za kupakuliwa kutoka kila pembe ya intaneti fundi mwangalifu hakuzigusa, kwa kuwa faili la skrinseva ni programu kamili inayoweza kufanya lolote ndani ya kompyuta, na virusi vingi viliingia mijini vikiwa vimevaa nguo za samaki wanaoogelea na maua yanayochanua.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua, na hapo ndipo fundi alipojitenga na mtu wa kawaida. Anayeletewa picha mia mbili na kuziweka zote amehamisha sanduku la bati kutoka chini ya kitanda hadi ndani ya kompyuta, basi. Fundi huketi na mama wa nyumba, huzitandaza picha mkekani, huuliza moja moja, "Huyu ni nani, Hooyo?", yaani mama kwa Kisomali, na husikiliza jibu linachukua muda gani, kwa kuwa picha inayojibiwa kwa jina peke yake hurudi kwenye bahasha, na ile inayojibiwa kwa hadithi, hata ikiwa imefifia, hata ikiwa mpigaji alitikisika, huwekwa upande wa kuume. Kutoka mia mbili hubaki ishirini na nne, pengine thelathini. Hakuna programu iliyowahi kuuliza swali hilo, wala kusubiri jibu lake.

Kisha huja kuskani. Joto la Garissa, ambalo miezi kadhaa hupita nyuzi 35, hulainisha gundi ya albamu za nailoni mpaka picha ikashikana na karatasi ya plastiki iliyo juu yake, na fundi hajaribu kuitenganisha, ila huiweka ndani ya skana pamoja na plastiki yake na baadaye hupunguza mng'ao kwa kurekebisha weusi na weupe. Picha ya kawaida hunakiliwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, na ile ndogo ya pasipoti kwa nukta 600 au zaidi ili itakapokuzwa ijaze skrini isipasuke kuwa vijiraba.

Hiyo ndogo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mara nyingi picha pekee ya babu iliyobaki ni ile iliyong'olewa kwenye karatasi ya zamani ya serikali, na ukiikuza hadi ijae kioo huonekana mambo ambayo kwa ukubwa wa kucha hayakuonekana, kama tundu mbili za pini ya chuma zilizoshika kutu kuzunguka kingo, mkunjo mweupe unaopita chini ya kidevu kwa sababu karatasi ilikaa miaka mingi ndani ya mfuko wa shati, na juu ya bega la kushoto robo ya muhuri wa wino wa zambarau, herufi zake zimekatika, mstari wa duara unaishia karibu na sikio. Kijana asiyejua kazi huufuta muhuri kwa brashi ya programu, na kwa kuwa brashi haijui shati lilikuwaje chini ya wino, bega hubaki na doa laini kama la sabuni. Fundi huondoa ukungu na vumbi, huziba tundu la pini iwapo limeingia usoni, na muhuri huuacha. Mzee alisimama mbele ya kamera ile kwa sababu alilazimishwa, akatazama mbele kama alivyoamriwa, na jicho lake, likikuzwa hadi ukubwa wa yai, lina ukali ambao haukuamriwa na mtu. Muhuri ukiondolewa, ukali huo hauna tena anayetazamwa nao.

Ukataji wa kingo ulihitaji jicho la aina nyingine. Skrini nyingi za wakati ule zilikuwa na umbo la nne kwa tatu, kwa kawaida nukta 1024 kwa 768, ilhali filamu ya kamera ya zamani hutoa picha ya tatu kwa mbili, na picha ya kusimama ya mzee mrefu kando ya ngamia haiingii katika umbo hilo hata kidogo. Programu hutoa njia rahisi ya kuinyoosha picha mpaka ijaze kioo, na aliyeikubali njia hiyo aliwafanya mababu wanene kama mapipa na ngamia wakawa wafupi kama punda. Fundi huiacha picha na urefu wake, huiweka katikati, na huacha weusi mtulivu pande zote mbili. Pale panapolazimu kukata, hukata anga kabla ya ardhi, kwa kuwa ardhi ina nyayo, na kamwe hakati kichwa cha ngamia ili kupata nafasi ya kichwa cha mtu, kwani katika nyumba zilizolelewa kwa maziwa ya ngamia yule, mnyama anaitwa kwa jina lake na wajukuu hulijua.

Mpangilio ndio moyo wa kazi. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilimruhusu mtumiaji kuzuia picha zisichanganywe ovyo, na kwa hiyo fundi aliweza, bila programu nyingine, kuamua ipi ifuate ipi kwa kuzipa faili zake nambari. Waliojua hawakuhesabu moja, mbili, tatu. Walihesabu kwa makumi, 010, 020, 030, wakiacha kati ya picha na picha nafasi tisa tupu, ili mtoto atakapozaliwa, au picha ya shangazi itakapofika kutoka Wajir, iingizwe mahali pake kama 024 au 067 bila kuvuruga zilizotangulia. Mfuatano wenyewe haukufuata tarehe. Ulifuata undugu, kufanana na safari, hivi kwamba uso wa msichana wa darasa la nane ulikuja mara tu baada ya uso wa nyanya yake katika umri huo huo, na anayetazama alipata nusu sekunde, wakati picha moja inayeyuka ndani ya nyingine, ya kuona taya moja ikibaki mahali pake huku miaka hamsini ikiondoka.

Muda nao ulipimwa. Windows XP ilikubali picha ibadilike kila baada ya sekunde 6 hadi dakika 3, na muda huo ni sawa kwa picha zote, jambo lisilofaa pale picha ya kundi la watu kumi na saba inapopewa nafasi sawa na picha ya mtoto mmoja. Mafundi walilitatua kwa hila nzuri ya kuinakili picha ya kundi mara mbili au tatu kwa nambari zinazofuatana, ili ikae juu ya kioo kwa muda unaomtosha nyanya kumtaja kila aliyesimama, kuanzia kushoto, pamoja na jina la baba yake na la babu yake, kama Wasomali wanavyotajana. Hila hiyo haimo katika kitabu chochote cha maelekezo.

Lilibaki suala la stara. Sebule ya Garissa hupokea mashemeji, wafanyabiashara na majirani wa kiume, na picha za wanawake wakiwa harusini bila mitandio, wakiwa wamevaa magauni ya dirac na hina hadi viwiko, hazikupigwa ili zitazamwe na hao. Fundi mwenye adabu alitengeneza makabrasha mawili, yaani folda mbili za kuhifadhia faili, moja ya watu wote na nyingine ya wanawake wa nyumba, akamfundisha mama namna ya kubadilisha kutoka moja hadi nyingine kwa mibofyo minne, na yeye mwenyewe hakuifungua ile ya pili baada ya kuikabidhi. Pale ilipowezekana, kazi ya kabrasha hilo ilifanywa na binti wa nyumba tangu mwanzo. Leo, picha ya harusi inapotumwa kwa watu mia mbili kabla bibi harusi hajafika kwa mumewe, uangalifu ule unaonekana kuwa mbali sana.

Ufundi huu haukuzuka bila ukoo. Pwani ya jirani, katika mji wa Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa ametumia miaka mingi katika studio yake akiunganisha sura za wateja na maua, vyombo na mandhari kwa mkasi, gundi na mwanga, akitoa picha ambazo hakuna kamera ingeweza kuzipiga kwa mara moja, na katika kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha wa miaka ya 1990 waliwasimamisha abiria mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Hao wote walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba picha ikishapigwa haijakamilika, na kuna kazi ya kuipatia mahali. Garissa, ambayo haikuwa na mapazia mengi ya namna hiyo, iliipatia picha mahali ndani ya mfuatano.

Mfuatano huo ulikuwa na kazi kubwa kwa sababu familia zenyewe zimetawanyika. Kaka yuko Eastleigh, dada yuko Minneapolis, binamu yuko Mandera, na shangazi alizikwa Kismayu. Mkondo wa intaneti ulipokuwa mwembamba, kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa kutoka baharini mwaka 2009, picha za ughaibuni zilikuja ndani ya diski iliyobebwa na msafiri, zikashuka Nairobi, zikapanda basi la kilomita 370 hivi mpaka Garissa. Ndani yake mlikuwa na theluji. Fundi aliyeijua kazi yake hakuzikusanya picha za theluji mahali pamoja kama maonyesho ya utajiri, ila aliiweka picha ya kijana aliyefunikwa koti hadi puani, kandokando ya gari lililozama katika weupe, mara baada ya picha ya baba yake akiwa ameinama juu ya kisima kilichokauka, mgongo wake umepinda kwa namna ile ile, na mama aliyeketi akichambua mchele alikuwa na wanawe wote ndani ya chumba kimoja alasiri nzima bila kugusa chochote.

Picha ambazo ulimwengu ulikuwa nazo za Garissa zilikuwa nyingine. Zilikuwa mizoga ya ng'ombe wakati wa ukame wa 2011, na baada ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, zilikuwa askari, magari ya wagonjwa na wazazi wakisubiri Nairobi kutambua watoto wao. Msiba ule ulikuwa wa kweli na unastahili kukumbukwa, lakini jina la mji likawa halitamkwi bila picha hizo kutangulia. Mwaka 2017 ilitokea picha ya aina tofauti, ya twiga jike mweupe na ndama wake katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kusini mwa kaunti, wanyama waliokosa rangi ya kawaida ya ngozi, na kompyuta nyingi zikawaweka kwenye skrini. Machi 2020 ikatangazwa kwamba mama na ndama mmoja wameuawa na majangili, na wa rangi hiyo aliyebaki ni dume mmoja. Waliokuwa wamewaweka katika mpangilio wao hawakuwatoa. Kwa fundi, kumwondoa aliyekufa katika mfuatano lilikuwa jambo la kuulizwa familia kwanza, na familia nyingi zilisema aachwe, na jina lake litajwe kwa dua anapopita.

Haipasi kuficha kwamba starehe hii ilikuwa na gharama. Skrinseva haihifadhi umeme hata chembe, kwa kuwa skrini inayoonyesha picha hula nguvu ile ile ya skrini inayofanyiwa kazi, na Wajir na Mandera, ambako umeme wa mji umetegemea majenereta ya dizeli, mwenye nyumba alihesabu kila saa. Hata Garissa yenyewe, ambayo leo ina shamba la umeme wa jua la megawati 50 lililozinduliwa Desemba 2019, ilijua sana miaka ya kukatikiwa. Fundi mwenye busara aliiruhusu mashine ipitishe mzunguko mmoja mzima wa picha, kisha aliiagiza izime kioo.

Kufifia kwa kazi hii hakukuwa na siku. Mwaka 2016 Google iliacha kuiendeleza Picasa, na waliokuwa wameyapanga makabrasha yao humo wakaambiwa wahamie kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojipangia yenyewe. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilileta desturi ya kuonyesha kwenye skrini iliyofungwa picha zinazochaguliwa na kampuni na kutumwa kwa intaneti, fukwe, milima na majumba ya nchi za mbali, hivyo kile kilima cha kijani kilichoondolewa kwa mkono mmoja kikarudi kikiwa na ndugu zake. Kompyuta za mezani zikapisha simu, na simu inapopumzika huwa nyeusi, ikalala kifudifudi mfukoni. Ndani yake mna picha maelfu, nyingine ni za risiti, nyingine za mbuzi wanaouzwa, nyingine ni matangazo ya mazishi yaliyopokewa katika makundi manne na kuhifadhiwa mara nne, na mtoto aliyezaliwa mwaka jana ana picha nyingi kuliko ukoo wote wa babu yake ulivyopata kuwa nazo, bila hata moja iliyoketi mbele ya nyingine kwa sababu mtu aliamua hivyo. Programu ya simu hujitia kuchagua, ikamletea mtu asubuhi picha ya miaka mitano iliyopita iliyotiwa muziki, lakini inachojua ni tarehe na mwanga, wala haijui kwamba yule aliye pembeni, nusu yake nje ya picha, ndiye aliyewalea wote walio katikati.

Mashine zenyewe nyingi zimekufa kwa vumbi na joto. Wakati mwingine fundi wa simu anayeombwa aokoe chochote kilichobaki katika diski kuu ya zamani, kile kisanduku cha chuma kinachohifadhi mafaili, hufanikiwa kuifungua, na kati ya nyimbo na kazi za shule hukuta kabrasha lenye faili zilizopewa nambari. Huanza na 010, ambayo ni mzee mwenye muhuri begani. Baada ya 040 kuna 043 na 045, ndugu wanaofuatana kwa miaka miwili, na baada ya 120 kuna 121 na 122, ambazo ni picha ile ile ya watu kumi na saba. Orodha huishia 240, kijana katika theluji, na kati ya 200 na 240 nafasi zote zilizoachwa bado ni tupu.